Mwanamke Mwenye Kusikia

Asubuhi ya harusi yangu, akina mama wa kanisa walinifungia chumbani wanishauri. Kwetu Bunia bibi harusi hatoki hivihivi. Lazima ajazwe maneno kwanza. Nilijazwa mpaka kichwa kikauma. Niamke mbele ya mume. Nisijibu kwa kelele. Simu yake nisiichunguze, mama yake nimwite mama, chumvi nisizidishe. Na kila mmoja alipofika mwisho wa maneno yake alifunga kwa sentensi ileile: ukuwe mwanamke mwenye kusikia. Nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo, huku poda yangu ikianza kuyeyuka shingoni.

Walimaanisha utiifu. Mtoto anayesikia ni yule akitumwa anaenda, na mwanamke anayesikia ni hivyohivyo, ila yeye akirudi anapika. Sikuwa na ugomvi na neno siku ile. Ugomvi ulikuja baadaye, nilipoanza kulitazama vizuri, maana mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari na maneno ndiyo ugonjwa wangu.

Angalia linavyofanya kazi mjini kwetu. Nasikia njaa. Nasikia baridi. Nasikia harufu ya samaki wa Ziwa Albert tangu pale gari linapopita Bogoro. Nasikia Kilendu kidogo, Kihema kidogo. Nasikia utamu. Yote ni kusikia. Macho peke yake ndiyo yamepata neno lao. Sikio, pua, ulimi, ngozi, akili na utiifu vyote vimerundikwa katika nyumba moja, na mtu akikuambia nasikia, ni juu yako kujua ametokea chumba gani. Nililiona kuwa neno la ajabu, na nililipenda, na ndilo lililoniletea matatizo.

Sasa nieleze habari ya mume wangu, bila kumsema vibaya, maana atasoma.

Ni mtu wa Butembo, ana duka la vyuma: misumari, vitasa, bati, ndoo. Mpole, hanywi, hapigi, ada ya shule ya watoto hacheleweshi. Kitu kimoja tu: ana haraka. Anakula kana kwamba ameacha wateja dukani. Anasali kana kwamba Mungu naye ana foleni. Na chumbani, basi, ni mtu yuleyule, hakuna mwingine anayekuja kumpokea zamu. Lakini pale kati, kwa upole wake, alikuwa anauliza. Kila mara, bila kusahau, alikuwa ananiuliza, "Unasikia?" Na mimi kila mara nilimjibu, "Nasikia."

Nilikuwa nasikia nini? Nilikuwa nasikia kitanda. Nilikuwa nasikia redio ya jirani. Siku nyingine nilikuwa nasikia maharagwe yanaungua, nikitaka kusema lakini naona si wakati wake. Utamu wenyewe, ule ambao wanawake wanacheka kwa kuuficha mdomo na kitambaa, huo sikuwa nausikia. Na nilimpenda, hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mtu mbaya unamwambia ukweli bila kufikiri. Huyu alikuwa anauliza kwa moyo, na niliogopa kwamba siku nikimjibu kweli hatauliza tena. Nilitaka ajue, na nilitaka aendelee kuuliza. Ni hayo tu niliyokuwa nayatafuta, na kwa miaka mingi sikuiona njia yake.

Jumamosi mchana nilikuwa nakwenda saluni ya rafiki yangu, karibu na soko. Rafiki huyu ameachana na mume na hana siri. Ukimwambia kitu chako anakujibu kwa vitu vyake vitatu. Ni pale saluni, chini ya yale makofia ya moto ya kukaushia nywele, ndipo tulipoanza kusomeana mashairi. Hatukupanga. Muuguzi mmoja, mteja wake, alitumiwa shairi kwenye simu na dada yake wa Kampala, akalisoma kwa sauti ili tumcheke dada. Hatukucheka. Lilikuwa shairi la mwanamke anayekula samaki kwa mikono, anayenyonya mifupa, na mpaka mwisho ukawa hujui tena kama ni samaki. Rafiki yangu aliacha kichana kichwani mwa mtu.

Tangu siku ile tulikuwa tunayatafuta. Yaliandikwa na wanawake wa umri wetu, wa miji mikubwa ambayo hatutaifikia, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili cha pwani, hata kwa Kiingereza ambacho muuguzi alitutafsiria akikohoakohoa. Waliandika magoti, jasho, nyuma ya shingo, chumvi. Na mimi nikakumbuka mashairi tuliyokariri shuleni, ambamo mwanamke ni ua, ni mwezi, ni nyota. Nikawaambia wenzangu: ua linanuswa, ua lenyewe halinusi. Katika haya mapya mwanamke ndiye mwenye pua. Rafiki yangu alisema hilo ni jambo kubwa, nilirudie polepole, halafu akaniuliza kama nataka nywele zangu zifungwe au ziachwe.

Tukaanza kuandika nasi. Hapo ndipo tulipogundua umaskini. Mwanamume wa Bunia akizungumza mambo ya chumbani ana maneno tele: amekula, amepiga, amemaliza. Amemaliza, jamani, kana kwamba ni sahani. Sisi tulikuwa na nini? Utamu, na kicheko. Rafiki yangu, ambaye hajakaa darasani miaka mingi lakini angekuwa mwalimu mkali, akatoa sheria: kila mmoja alete shairi lisilo na ua wala mwezi, na lisiwe na kitu ambacho ngozi yake mwenyewe haikukisikia wiki hiyo. Muuguzi akaleta shairi la kuvua viatu baada ya zamu. Rafiki yangu akaleta la kumwagiwa maji ya uvuguvugu kichwani na mtu mwingine, yeye ambaye kila siku ndiye anayewamwagia wengine. Mimi nilileta nanasi. Walisema nanasi langu halina aibu, na nilifurahi wiki nzima.

Si wote waliopenda. Mama mmoja aliyekuwa anasukwa alituambia kwa hasira kwamba mkoa wetu wa Ituri unalia, watu wanalala kambini, barabara ya Iga leo inapitika, kesho haipitiki, na siye tuko hapa tunaandika utamu. Hakusema uongo. Muuguzi ndiye aliyemjibu, kwa heshima. Alisema mwili huu umesikia woga miaka mingi sana, tangu tukiwa watoto, na kama sasa hautafundishwa kusikia kitu kingine utasahau.  Jumamosi iliyofuata yule mama alirudi, na nywele zake zilikuwa hazijaharibika hata kidogo.

Basi, nikiwa na ujasiri wa saluni, siku moja mchana nikaamua kumwambia mume wangu kwa kawaida, bila shairi. Watoto walikuwa shuleni. Yeye alikuja kula, na mambo yakaenda yalivyoenda, mbio kama kawaida, na alipouliza nikasema kwa sauti ndogo, "Papa, mi sisikiake muzuri."

Alisimama palepale. Alinitazama kwa huruma ambayo bado naiona. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu zamani. Akauliza kama ni pande zote mbili. Hapo nilipaswa kushtuka, lakini nilikuwa nimefumba macho kwa aibu, nikasema ndiyo, pande zote. Akanishika bega, akasema pole, Mama, ungesema mapema, akavaa shati akatoka. Nililala pale nikilia kidogo kwa furaha. Nikajiambia, kumbe ilikuwa rahisi hivi.

Jioni alirudi na dawa ya matone ya masikio.

Alinilaza upande mmoja, halafu upande wa pili, akanidondoshea mwenyewe, polepole, kwa mkono wa fundi. Na nitasema ukweli: yale matone, yalivyokuwa yanashuka ya baridi ndani ya sikio, na vidole vyake vikinishika ndewe nisitikisike, yalinipa raha kuliko yote tuliyowahi kufanya chumbani mle. Nilitaka kucheka, nilitaka kupiga kelele. Kwa wiki nzima alikuwa ananisemesha kwa sauti ya juu, na watoto wakamwiga. Nilipowaeleza saluni, rafiki yangu alikaa chini sakafuni, kwenye nywele zilizokatwa, akacheka mpaka mteja wake akaomba arudishiwe nusu ya pesa.

Alipomaliza kucheka akafuta machozi akaniambia kwamba nimetumia neno bila kulivalisha. Neno lenye vyumba vingi hivyo, alisema, huwezi kulituma peke yake, litapotea njia. Nilivalishe. Nikarudi nyumbani nikaandika shairi, kwenye simu, nikiwa nimekaa jikoni nachambua lengalenga. Liliisha kabla ya mboga.

Mwezi wa tatu ukafika, na siku ya wanawake. Siku ile mjini kwetu wanawake wote tunatoka tumejifunga kikwembe cha aina moja, tunatembea barabarani, halafu kila kundi linakwenda kula kwao. Kundi letu la kanisa lina kawaida moja nzuri: siku hiyo wanaume ndio wanabeba. Wanabeba viti, masufuria, kreti za soda, huku sisi tumekaa tunawasahihisha. Mama prezidanti wa kundi letu, mjane mzee mwenye sauti ya kengele, mmoja wa wale walionifungia chumbani zamani, alinituma nisome shairi juu ya amani ya nyumbani, kwa kuwa mimi nimesoma. Nikaitikia. Mimi ni mwanamke mwenye kusikia.

Niliandaa la amani, kweli. Lilikuwa na njiwa ndani. Lakini nilipopanda mbele, nikaona mume wangu nyuma kabisa ya ukumbi, ameshikilia kreti ya soda anatafuta pa kuiweka, na nikajua kwamba pale hawezi kukimbia, wala mimi siwezi. Nikaacha njiwa aende zake. Nikafungua lile jingine.

Nasikia mvua kabla haijagusa bati.
Nasikia nanasi mpaka nyuma ya masikio.
Nasikia maji ya moto yakishuka mgongoni
tone kwa tone, hayana haraka.

Lakini mkono ukipita mbio, sisikii.
Ni mgeni aliyebisha hodi akaondoka
nami ningali natafuta viatu.

Mimi ni nyumba ndefu, mpenzi.
Bisha, uketi kibarazani.
Nataka kusikia.
Nataka kusikia.

 Nilingoja anga lianguke. Badala yake ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele. Mama prezidanti alisimama, akanipokonya maikrofoni, akawageukia wasichana wa kwaya na kuwaambia, "Mumesikia? Muntu amesoma mpaka université, na bado anataka kusikia." Vigelegele tena. Akaanza kulifafanua. Mvua ni baraka. Nanasi ni matunda ya Roho. Mgeni anayebisha ni Bwana mwenyewe, na ole wake mwanamke asiyekuwa na viatu tayari. Nyumba ndefu ni kuzaa watoto wengi. Mimi nilisimama pale kando yake nimeinamisha kichwa, mfano wa utiifu, huku rafiki yangu katika safu ya tatu amejiziba uso mzima kwa kikwembe na mabega yanamtetemeka.

Watu wote walipiga makofi ila mmoja. Mume wangu alikuwa bado amesimama na kreti yake. Hakuiweka chini. Soda za kreti nzima ni mzigo, na yeye alikuwa ameishika kifuani ananitazama, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Nikajua amesikia. Na nikaogopa, siwezi kueleza jinsi nilivyoogopa.

Wakati wa kugawa chakula nilijificha kwenye masufuria, nyuma ya ukumbi. Mama prezidanti akanifuata na sahani yake. Akachagua kipande cha nyama, akakirudisha, akachagua kingine. Halafu bila kuniangalia, na bila ile sauti ya kengele, akasema, "Marehemu wangu hakuikalaka ku baraza ata siku moja." Akaniomba nimwongezee mchuzi, akaenda zake. Nilibaki na mwiko hewani, nikiwaza huyo marehemu ambaye hakuketi kibarazani, na yale yote aliyoyafafanua pale mbele, na jinsi alivyoyafafanua haraka.

Mume wangu alinirudisha nyumbani kwa pikipiki. Nilimshika kiuno, mgongo wake ukawa mgumu. Kesho yake hakuligusa lile shairi. Hakuwa na hasira. Aliuliza habari za shule, alinunua viazi vya Kpandroma vizuri, vikubwa, bila kutumwa. Lakini chumbani alikuwa analala upande wake kwa adabu, mikono kifuani, na hakuuliza kitu. Siku zikapita hivyo. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa tangu mwanzo, na nilikuwa nimejiletea mwenyewe, tena kwa maikrofoni.

Nilikwenda kulia saluni. Rafiki yangu hakunibembeleza. Alisema wasiosikia ndio waliopiga makofi, huyu amesikia, nimpe nafasi. Nikamwambia nafasi ya nini, yeye ni mtu wa haraka. Akasema basi hii ndiyo mara yake ya kwanza kwenda polepole, na mimi nataka kumharakisha. Nilichukia jinsi alivyokuwa na haki.

Jumapili moja baada ya misa watoto walikwenda kwa mama yangu. Mvua ikaanza, ile mvua yetu ya mchana ambayo inazima kila mazungumzo chini ya bati. Niliingia chumbani kubadili nguo za kanisa nikamkuta mume wangu ameketi ukingoni mwa kitanda, na viatu vyake, na tai yake. Aliniambia nikae. Nikakaa mbali kidogo.

Aliniuliza, akitazama viatu, "Miaka yote ile ulikuwa unajibu nasikia. Ulikuwa unasikia nini?"

Nilitafuta jibu zuri. Nilikuwa na mashairi mengi kichwani, yangu na ya wenzangu, hata yale ya miji mikubwa, na hakuna lililokuja. "Nilikuwa nakusikia weye," nikasema.

Alilichukua neno lile akaligeuza, nikamwona akiingia chumba kimoja cha neno na kutoka, akaingia kingine. Kisha akaficha uso mikononi. Nilidhani analia. Alikuwa anasema, ndani ya vidole, dawa ya masikio, dawa ya masikio, Mungu wangu, nilikudondoshea dawa ya masikio. Nikamwambia ile dawa ilikuwa tamu sana. Akainua kichwa kuona kama namtania. Nikamwambia sikutanii, na nikamweleza kwa nini: yale matone, vile vidole kwenye ndewe, ule utulivu wake. Nilieleza kila kitu, bila ua, bila mwezi, na sehemu nyingine nilieleza kwa kumshika mkono na kumwonyesha, kwa sababu Kiswahili chenyewe kiliniishia. Alikuwa anasikiliza jinsi anavyomsikiliza mteja aliyekuja na kitasa kilichokwama, kichwa upande, bila kukatiza.

Akajaribu. Alikuwa na woga kuliko siku ya harusi. Mvua ilipiga, na mkono wake ulishuka nyuma ya shingo yangu ukasimama, ukashuka tena. Baada ya muda akauliza, kwa sauti ileile ya siku zote, "Unasikia?"

Jibu la miaka yote lilikuwa tayari mdomoni, limekwisha kuvaa viatu. Nililizuia kwa meno. Nilimtazama yule mtu niliyempenda, ambaye alikuwa ameuliza tena, na macho yakanijaa maji.

"Bado," nikasema.

 Akavua saa yake ya mkononi, ambayo hata akioga haivui, akaiweka juu ya kabati, uso wa saa chini.